Pole ya Mama Pilar

Mama yangu, shikamoo.

Habari za kifo cha Babu zilinikuta hapa Kensington, Johannesburg, na kilichoniumiza zaidi ni kwamba mlikuwa mnamzika bila mimi. Baada ya simu yako nilijifungia chumbani. Wenyeji wangu ni Wakuba, na nyumba nzima wanazungumza Kihispania. Ndiyo maana chuo kilinipangia kwao muhula huu, nijizoeze lugha ninayoisomea. Nikajiuliza, hapa nitalia na nani?

Nilikuwa nimemwambia Mama Pilar, mwenye nyumba, kwamba nimefiwa na Babu. Alivaa koti, akatoka kwenye baridi kali, akaenda kwa miguu hadi mtaa wa Bertrams kwa fundi cherehani Mkongo anayemshonea nguo. Alasiri akabisha mlango wangu. Mkono mmoja ameshika sahani ya wali na maharage meusi, mwingine kikaratasi. Akasoma polepole: "Pole sana, mutoto yangu. Ukule kidogo."

Kiswahili cha Kongo kwa lafudhi ya Kihispania! Nilicheka, kisha machozi yakanitoka kwa wingi. Akaketi nami sakafuni, akawaita mumewe na binti zao.

"Fundi kasema kwenu mfiwa haachwi peke yake," akanieleza.

Basi nikawasimulia habari za Babu kwa Kihispania changu kibovu, na siku hiyo hakuna aliyenisahihisha.

Mungu akutie nguvu, Mama, na akuzungushie watu wenye moyo kama wa mwanamke huyu.

Mwanao akupendaye,
Zaituni