Mama Alivyouawa Nikila Mbavu Kikopey

Jumamosi, Bahati. Asubuhi ukungu ulikuwa mzito mpaka ng'ombe wa jirani nikamsikia bila kumwona. Sasa jua linaenda zake, na mimi bado nina moto kama kijana aliyekubaliwa na msichana jana.

Leo binti yangu aliniulia mama.

Ngoja nieleze kabla hujaita polisi. Nyambura, kifungua mimba wangu, ni mwalimu wa historia pale Nakuru mjini na anaandika riwaya. Ni hadithi ya miaka ya Imajensi, wakati wazee wetu walikuwa msituni wakipigana na Mwingereza juu ya mashamba, nasi tukiwa vibarua kwa shamba la mzungu hapa hapa Bahati. Steringi wa kitabu ni mama yangu mzazi, ambaye Nyambura humwita Cucu, yaani nyanya. Jumatatu Nyambura anakituma kwa mchapishaji, na kikishaenda, kimeenda.

Kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama ya baba yake. Kwa hivyo Nyambura amebeba jina la mama yangu, na mbele ya watu mimi humwita Mama. Akinigombeza nanyamaza. Nitamjibuje aliyenizaa?

Basi leo akatuchukua kwa gari, mimi na dadangu Wangari, akatupeleka Kikopey kula nyama choma. Wangari amenipita miaka minne na alizaliwa akiwa ameokoka. Nilipoona Nyambura ameagiza mbavu nzima za mbuzi bila kuuliza bei, nikajua kuna jambo.

Jambo lenyewe lilikuwa sura ya mwisho. Akafungua kompyuta akatusomea.

Mama anaenda na kikapu cha maua ya pareto mgongoni. Chini ya maua kuna viazi na nyama kavu ya wapiganaji. Njiani anasimamishwa na homugadi, mtu wetu aliyepewa bunduki na serikali atuchunge. Homugadi anamwaga kikapu, anaona viazi, anapiga risasi. Mama anaanguka juu ya maua meupe, anasali, anakata roho.

Wangari akalia. Mhudumu akamletea maji, akidhani ni pilipili.

Mimi nikaweka ubavu chini, na si kawaida yangu.

Kwa sababu siku hiyo nilikuwepo. Nilikuwa mtoto, nimeshika sketi yake. Homugadi alitusimamisha kweli. Mama akamwangalia kutoka viatu mpaka kofia, akamwambia, "Kijana, nakujua kwenu. Mama yako akiona nimebeba mzigo hivi na wewe unatembea mikono mitupu, atalala njaa kwa aibu." Jamaa akaona haya. Akatundika bunduki begani, akabeba kikapu mwenyewe mpaka ukingo wa msitu. Yaani serikali ya malkia ndiyo ilipelekea wapiganaji chakula siku hiyo, na jasho ikatoa.

"Baba, hiyo naijua," Nyambura akasema. "Umenisimulia tangu nikiwa mtoto. Lakini msomaji hataamini."

"Si ilitokea?"

"Kutokea ni kitu kingine. Hii ni riwaya ya vita. Msomaji akicheka hapo nimempoteza."

"Mama, nani alikudanganya kwamba watu wa zamani walikuwa hawacheki?"

Hili jambo linanikera siku nyingi. Hata hizi sinema za zamani zetu wanazotuonyesha ni hivyo hivyo. Mzee anaingia, anaangalia mlima, anatoa neno moja zito, anakohoa. Mwanamke ametoka msituni na kucha zake safi. Hakuna mtu anajikuna. Hakuna mtu anachukia shemeji yake. Wote wamekaza uso kama picha ya kitambulisho. Sisi tulikuwa na taabu, ndiyo, lakini hata kwa hiyo taabu kuna mtu alikuwa akitania pua ya mnyapara.

Wangari akapangusa macho. "Mwache afe vizuri. Watu wa kanisa watasoma hicho kitabu."

"Alikufa vizuri," nikamwambia. "Kitandani, mzee kabisa, akilalamika chai haina sukari."

"Hiyo usiandike," Wangari akamwambia Nyambura haraka.

Nikaona nitumie mfano. Zamani gari la sinema lilikuwa likija shambani, linatundika shuka jeupe kwa ukuta wa stoo. Siku moja steringi akapigwa risasi akafa, sinema ikaisha. Wanaume walikataa kwenda nyumbani. Walimshika mwenye gari wakamwambia atoe kipande kilichobaki, wakiamini amekificha ili akakionyeshe Subukia.

"Unaona?" nikasema. "Watu hawataki steringi afe."

Nyambura akatabasamu kile kitabasamu cha mwalimu. "Ziko sinema ngapi za gari lile unazikumbuka, Baba?"

Nikafikiria. Ni hiyo moja tu.

Hapo alinipata. Nilikula mbavu mbili, nikijua mama yangu ameenda, na Jumatatu atazikwa kwa herufi za chapa.

Halafu nikamkumbuka yule homugadi. Nikamwambia, "Haya, muue. Lakini ujue kwa hiyo risasi umewaua wawili. Huyo kijana atabaki shetani tu, na shetani hana kitu cha kuamua. Lakini akibeba kikapu, halafu kesho yake ajue alikuwa amebeba nini? Atasema kwa mkubwa wake, ajichongee? Atanyamaza, na wenzake walimwona njiani? Huyo sasa ni mtu. Mimi huyo ningemsoma mpaka nyama iungue."

Nyambura akaacha kutafuna. Akaifungua kompyuta na vidole vya mafuta, akaandika, akafuta, akaandika tena. Hakutusemesha mpaka bili ilipokuja.

Tulipofika kwa lango langu akazima gari.

"Baba, Cucu anabaki hai. Kikapu kinabebwa."

Nilitaka kuruka ila magoti yalikataa.

"Lakini wenzake walimwona, umesema mwenyewe. Wakubwa watataka kulipiza. Lazima mtu afe."

"Muue mzungu."

"Mzungu ameshaenda Nairobi, sura ya tisa. Nitachukua yule mtoto."

"Mtoto gani?"

"Aliyeshika sketi."

Halafu Wangari, ambaye sijamwona akicheka tangu arusi ya kitinda mimba wake, akacheka mpaka akashika mlango. "Nilisema tangu zamani," akasema, "huyo mtoto amezidi."

Kwa hivyo ndiyo hiyo. Nimemwokoa mama, nikaenda mimi.

Na nimekubali, tena kwa furaha. Ila Nyambura ameniachia kazi. Anataka kujua Cucu angenilia vipi, na mimi sijui. Nilimzika mimi, na udongo nikatupa kwa mkono wangu. Yeye hakuwahi kunizika. Tangu wamenishusha nimekaa kwa hiki kiti najaribu kuwa nimekufa, nimwangalie.

Kanisani halii, hapo nina hakika. Mbele ya askari halii.

Nafikiri angerudi kutoka kaburini, aingie jikoni, achague kuni mbichi kabisa, awashe. Moshi ujae mpaka majirani wakohoe. Na kila atakayepita akiona macho yake mekundu aseme, huyu mama na kuni zake. Angetudanganya wote. Hata mimi huko chini.

Nimempigia Nyambura nikamwambia. Akasema ataandika kesho baada ya kanisa.

Basi kesho ndiyo nauawa. Wacha nilale mapema.