Nimemsingizia Popo

Jumamosi, 3 Agosti

Tumehamia! Si nyumba ya kupanga tena. Vyumba vitatu, jiko lina sinki, ua wa saruji. Hati ina majina mawili, langu na la mwanangu. Miaka kumi na tisa nimefua mashuka ya hospitali, mgongo umepinda, lakini leo ninalala kwangu.

Paka wetu Madamu amekuja ndani ya gunia. Kampapura mchukuzi mpaka damu. Mbwa wangu Popo — masikio ndiyo yaliyompa jina — alikaa mbele na dereva kama bosi. Dereva akauliza huyu naye nauli yake iko wapi. Tulicheka!

Halafu sofa ikakwama mlangoni. Mchukuzi akasema, taratibu kaka, tuigeuze. Mwanangu akamzaba kofi. Hivi hivi tu! Akachukua nyundo, akavunja mguu wa sofa, ikapita. Mke wake, mkwe wangu, alikuwa amekumbatia mto. Nilimpa mchukuzi soda nikamwomba radhi. Akaniambia, mama, huyo kijana wako si mzima.

Nikamjibu ni uchovu. Kuhama kunachosha.

Jumapili, 4 Agosti

Dari limejaa panya. Madamu ameua saba! Damu mpaka ukutani, na rangi bado mbichi. Mwanangu anamshangilia kama yuko uwanja wa mpira. Mkwe akasema damu inamchefua, tutege mtego tu. Mwanangu akaokota panya mmoja akamtupia mapajani. Bado anatapatapa. Mkwe akapiga yowe.

"Utani tu! Wewe hujui utani?"

Popo akaja akasimama katikati yao. Akanguruma. Sijawahi kumsikia akimngurumia mtu wa nyumbani. Akala teke la mbavu, akalia kama mtoto.

Jumatano, 7 Agosti

Zamani walikaa kwao, mimi kwangu. Sasa ni ukuta wa tofali moja. Asubuhi kabla sijaenda kazini nikasikia — du. Kimya. Du, du. Nikaongeza sauti ya redio. Mungu nisamehe, niliongeza.

Kwenye chai shavu la mkwe limevimba. Nimejigonga kabatini, mama, anasema. Kabati lenyewe bado liko kwa seremala.

Nikammiminia chai.

Ijumaa, 9 Agosti

Nisipoandika nitapasuka.

Saa kumi hivi nilikuwa uani namtoa Popo kupe, nimembana katikati ya magoti. Ndani wanagombana. Pazia! Eti limetundikwa upande. Sahani ikavunjika. Halafu ukatoka ukelele, huo sijawahi kuusikia hata wodini. Nikakimbia.

Mkono wa mkwe ulikuwa mdomoni mwa mwanangu. Sina namna nyingine ya kuliandika. Ameung'ata, hauachii, anautikisa. Nikampiga kichwani na ndoo ya Popo, ndipo akaachia. Midomo yote damu. Akaniangalia kama alivyokuwa akiniangalia akivunja kikombe utotoni. Mama, mimi sijui, akasema. Sijui.

Nikamfunga mkwe mkono kwa kanga, mbio kliniki. Muuguzi wa pale ananifahamu, tumefanya kazi jengo moja. Akauliza, nini kimekuuma, dada? Mkwe akainamisha kichwa.

Mimi ndiye niliyesema. Mbwa, nikasema. Hakuna aliyenituma.

Muuguzi akakaza macho kwenye kidonda. Mbwa wenu ana meno bapa hivi? Nikamwambia kazeeka. Akaandika.

Wamemchoma mkwe sindano za kichaa cha mbwa, nyingine pale pale kwenye kidonda. Kuna nyingine za kurudia. Hakulia. Njiani akaniambia neno moja tu: "Ahsante, mama, kwa kumlinda mwanao."

Afadhali angenitukana.

Jumamosi, 10 Agosti

Mwanangu kaleta nyama na maua. Maua! Akanibusu shavuni. Mama, ulitumia akili kweli. Alipoanza kuota meno aliniuma titi nikacheka, nikawaita majirani waje waone meno ya mwanangu. Nimekumbuka hilo leo, nyama ikanishinda.

Muuguzi kapeleka taarifa. Bwana mifugo akapiga simu. Cheti cha chanjo cha Popo nimekitafuta katika kila boksi, hakipo. Basi kuna njia mbili: afungiwe siku kumi aangaliwe, au mwenye mbwa asaini, mbwa auawe na kichwa kikatwe kikapimwe.

Asaini, mwanangu akadakia. Mbwa akishaonja damu ya mtu haachiwi. Alisema bila kupepesa macho, na mimi niko pale! Alivyosema vizuri, karibu nimwamini.

Jumatatu, 12 Agosti

Tangu Ijumaa Popo analala mlangoni kwa mkwe. Leo mwanangu alitaka kupita, Popo akamtolea meno. Akachukua nondo iliyobaki ya mafundi. Nilisikia mfupa. Mguu wa nyuma unaning'inia, mbwa anajikokota kwenda uvunguni, sakafu nzima michirizi.

Mshona viatu wa jirani akachungulia juu ya ukuta. Kuna nini huko? Mwanangu akamjibu, mbwa kapata kichaa, mzee. Mshona viatu akasema, kichaa gani, jana kanilamba mkono huyu.

Nimefunga mguu kwa kitambaa na vijiti viwili. Mkwe kanishikia taa ya simu huko uvunguni. Tumelala kifudifudi sote wawili, kama wezi. Akaninong'oneza:

"Popo akifa, mama, atasingiziwa nani?"

Madamu ni mdogo mno.

Jumanne, 13 Agosti

Bwana mifugo amefika, saa tatu asubuhi. Koti la kijani, kisanduku cha sindano, gunia tupu. Mtu mpole. Mwenye mbwa ni nani? Ni mimi, nikasema. Akanipa fomu na kalamu. Mwanangu ameshika mnyororo wa Popo, anatabasamu. Saini hapo tu, mama, tumalize.

Nikawaambia naingia ndani kuchukua miwani.

Miwani ninayo usoni. Mkwe amekaa kitandani kwangu, bandeji imelowa. Fomu ina mistari mitatu, wameandika: Maelezo ya mwenye mbwa. Mwandiko wangu mbaya, shule niliishia la nne, ninajaribu hapa kwanza nisiharibu karatasi ya watu.

Mbwa wangu hakumng'ata mtu. Nilikuwa naye uani. Nilidanganya kliniki. Aliyemng'ata mkwe wangu ni mwanangu wa kumzaa.

Anaita. Mama, miwani imeota mbawa? Bwana mifugo anacheka kidogo.

Mkwe amesoma begani kwangu. Ameinuka, ameegemeza kiti mlangoni.

Nayahamishia kwenye fomu, polepole. Anakuja, nasikia viatu vyake ukumbini. Kitasa kinazunguka. Mama? Mama, fungua.

Nimefika kwenye neno mwanangu.