Paja la Baba Yenu

Salvina,

Nampeleka baba yenu hospitali, Kolandoto. Nimemfunga paja kwa kanga yangu mpya na damu bado inapenya. Sugua sakafu kwa majivu. Maharage yaongeze maji.

Alikuwa akijikatia katambuga, vile viatu vya tairi, tairi kaliweka juu ya paja, kisu cha kukunja anakivutia kwake. Nikamwambia aweke ubao chini. "Mama Salvina, hapa si darasani," akanijibu. Kikateleza. Sasa fundi analia kuliko watoto wangu wa darasa la kwanza.

Mdogo wako Kamili asikiguse kisu hicho. ~~Kitupe chooni.~~ Kifungie kabatini, kitamenya viazi.

Msinisubiri. Wakimlaza nitalala huko huko. Mtu mzima wa namna hii haachwi peke yake.

Mama yenu