Gari ya Kitanda mu Kilima ya Musienene

Masika, mujukuu wangu,

Jambo sana huko Kisangani, ku masomo yako. Huku Butembo tuko, Mungu anatuchunga. Mama yako alivuna maharagi mingi, na koko wako mwanaume, bwana yangu, anakohoa, lakini kubishana hajaacha.

Uliuliza: moteri ikizimika-zimika, mutu anajua namna gani fasi yenye kuwa ugonjwa, ni wapi?

Tulipokuwa bapya mu ndoa, tulikuwa na kamioneti moja ya zamani, gari ndogo ya mizigo, kitanda na jiko ndani. Tulikuwa tunalala mule, tunauzisha viazi soko kwa soko. Siku moja, mu kilima ya Musienene, moteri ikazimika. Tukangoja, ikawaka, tukapanda kidogo, ikazimika tena. Fundi mumoja akasema pompe ya mafuta ilikufa. Nikatoa kikwembe, kitenge yangu ya ndoa, niiuzishe, tupate pompe ingine.

Koko wako akanishika mukono. "Ngoja kwanza. Kama pompe ilikufa, inafufuka namna gani kila saa?"

Akaenda ku tanki. Kifuniko ilipoteaka, donc tuliiziba na sasheti ya plastiki, tukakaza na mpira ya chambre à air, ule wa ndani ya tairi, kama bote banafanyaka huku. Akafungua. Tanki ikavuta hewa, fyuuu, kama mutu anatoka mu maji. Mafuta ilikuwa inakosa kushuka sababu hewa haiingie; tukingoja, hewa inapenya polepole, moteri inawaka tena. Akatoboa sasheti na musumari, tukapanda mpaka Lubero.

Mpaka leo namushangaa ule mwanaume. Siye bote tuliangalia namna moteri inazimika. Yeye aliangalia namna inawaka.

Kikwembe iko mu sanduku. Siku utapata diplome, njo siku ile nitaivaa.

Koko wako mwanamuke