Kungumanga ya Mavyaa Wangu

Mshauri wetu, baada ya salamu naomba unisaidie, maana nina neno limenikaa kooni na hapa Likoni sina wa kumwambia. Mume wangu Mbwana ni kuli bandarini, na tunakaa na mavyaa wangu, Bi Mwanasaumu, mama yake, aliyenipokea kama bintiye, na ambaye alimlea mtoto wangu wa kwanza kwa dawa zake za jikoni, tangawizi kwa kifua, mrehani kwa mafua, akawa anapona. Mwaka jana nikamzaa wa pili, Ishaka, tumbo likawa linamsokota, hapati usingizi, basi mavyaa akasaga kungumanga ile ile ya kutia kwenye uji, akamnywesha, na alipozidi kulia akamwongeza, akasema, "Mwache mjukuu wangu apumzike," naye akalala, nami nikafurahi nikaenda kufua, kurudi namkuta amelegea, pumzi zinakatika, tukavuka naye kwa feri hadi hospitali akafia mikononi mwangu. Daktari alimwambia Mbwana kungumanga nyingi ni sumu kwa mtoto mchanga na huenda ndiyo iliyomuua, Mbwana akaniambia mimi tu, akaniapisha, "Mama akijua, wallahi atakufa." Mavyaa mwenyewe anaamini ilikuwa homa. Sasa nina mimba kubwa, na jana nimemkuta uani anaanika kungumanga mpya, akaniambia kwa furaha, "Huyu hatalia kama nduguye," nikaingia ndani nikaanza kukuandikia. Nifanyeje?

Mwanarehema, Likoni

Mwanarehema mwanangu, Mungu akupe subira kwa Ishaka. Lakini umenyamaza mpaka dawa imeanikwa uani? Mumeo anamlinda mama yake. Na huyo aliye tumboni analindwa na nani? Kiapo hicho kivunje.

Bi Mwanasaumu si muuaji. Alimwongeza kwa huruma, akidhani kinacholiwa hakidhuru. Kungumanga kidogo ndani ya sufuria ya uji wa watu wazima haina neno. Mtoto mchanga usimpe hata chembe, wala tangawizi, wala majani yoyote. Ziwa lako linamtosha. Akilia asinyamaze, au akipata homa, mvushe ukamwone daktari.

Zungumza na Mbwana kwanza, kisha mwambieni mama pamoja, asubuhi, mkiwa mmekaa naye chini. Daktari alisema "huenda", nanyi semeni "huenda", msizidishe. Atalia, na pengine atakataa chakula. Msimwache peke yake. Siwezi kukuahidi kwamba nyumba yenu itarudi kama zamani, maana haitarudi. Fanya hivyo juma hili, kabla uchungu haujakushika.