Tiki ya Chaki kwenye Mlango wa Beverlyne

Jumapili, 2 Machi 2025

Nyumba ya Onyancha imeteketea. Jana, siku ya Sabato, adhuhuri, sote tukiwa kanisani. Mungu ashukuriwe, hakuna aliyekuwamo. Leo nimeenda kujionea — mabati yamekunjamana, kabati la vyombo limebaki misumari. Wengine wanasema ni mshumaa, wengine eti kuna mkono wa mtu. Mkono wa mtu! Nilipekua majivu nikapata waya mbili zilizosokotwa pamoja, na mabaki ya pakiti ya maziwa yamegandia hapo. Pakiti ya maziwa badala ya tepu! Mkono wenyewe ndio huo, na hauna uchawi wowote.

Nimefungua daftari jipya. Miaka thelathini na moja nilikuwa fundi wa stima katika kiwanda cha chai, na sheria yetu ilikuwa moja: andika kwanza, ndipo uguse mtambo. Saa, mahali, swichi kuu imezimwa au la, jina la fundi. Nimestaafu, lakini mkono bado unataka kuandika.

Jumatatu, 3 Machi

Mzee wa kanisa amekuja. Anaomba nikague stima katika nyumba za washiriki hapa kwetu. Nimekubali kabla hajamaliza chai. Nani mwingine angefaa? Nyumba nitakayoridhika nayo, nitaitia tiki ya chaki mlangoni. Nyanchoka, mke wangu, amecheka na kusema nimejiajiri upya bila barua. Acheke tu.

Alhamisi, 6 Machi

Nyumba kumi na moja! Nimeona mambo. Kwa mama mmoja, mtungi wa gesi umewekwa kando ya jiko la makaa, kana kwamba nao unasikia baridi. Kwa Ochoki, jirani yetu wa chini, nimekuta msumari mahali pa fyuzi. Nikamwuliza kwa nini. Akasema fyuzi zinakatika kila mara. Nikamwambia hiyo ndiyo kazi yake, Ochoki.

Kila nyumba nimeagiza ndoo ya mchanga mlangoni na maneno matatu: zima swichi kuu, mwaga mchanga, maji weka mbali. Tiki nimetoa sita tu. Wengine wamenuna. Wanune. Heri kununa ukiwa na paa.

Jumapili, 9 Machi

Imebaki nyumba moja. Iko hatua thelathini kutoka mlangoni pangu, na siwezi kuiingia.

Ni ya Jasper, kitinda mimba wetu. Yuko Eldoret kwenye kazi za ujenzi. Ndani yumo mkewe Beverlyne na mtoto wao Nyakerario, miaka mitatu. Kwetu Wagusii baba mkwe haingii nyumba ya mwana aliyeoa. Ndiyo ensoni, heshima tuliyolelewa nayo. Babangu hakukanyaga kwangu hadi anakufa, na sikuona kuwa amenipunguzia upendo.

Lakini stima ile Jasper aliiunga mwenyewe, kwa waya alizonunua sokoni Daraja Mbili kutoka kwa rundo la mitumba. Jana jioni taa zake zilififia mara tatu, nikahesabu. Na sasa Beverlyne ameleta vifaranga mia moja, nao wanataka joto la balbu mchana na usiku. Moyo wangu hautulii.

Nyanchoka ameuliza kwa nini nisimwite Mose. Mose! Niliyemfundisha mwenyewe kushika bisibisi! Watu waseme nyumba za Mokua zinakaguliwa na mwanafunzi wake? Sitaki.

Jumanne, 11 Machi

Nimepata njia! Video ya simu. Mimi nimeketi kwenye ngazi yangu, Beverlyne yuko kwake, anazunguka na simu. Inua. Geuza. Sogea karibu na hiyo soketi. Sebule safi. Swichi kuu iko kwa ndani, juu ya mlango, haina kasoro. Nikamwuliza kuhusu vifaranga, akasema wako ndani, wako sawa, Tata. Ndivyo anavyoniita, kama baba yake mzazi.

Alipofika kwenye mlango wa chumba cha kulala, simu iligeukia sakafu. Akasema ndio mwisho. Sikuuliza. Ningeulizaje? Nikitazame kitanda cha mwanangu? Nilikohoa, nikamshukuru. Kisha nikaenda na chaki nikapiga tiki kubwa kwenye mlango wake, nikiwa nje.

Nyanchoka kasema nimesahihisha mtihani kwa kusoma ukurasa wa kwanza. Mama huyu ana maneno! Lakini video nimeiona kwa macho yangu, na macho yangu hayajawahi kuniangusha.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua tangu asubuhi. Kesho nitazungumza kanisani dakika kumi juu ya kuzuia moto nyumbani. Nimejiandaa. Nyumba kumi na tisa, tiki kumi na nne.

Jumamosi, 15 Machi. Saa tisa na nusu alasiri

Nguo bado zinanuka moshi. Naandika hivyo hivyo.

Kanisani nilizungumza vizuri, watu wakanishika mkono. Tulikuwa tukila hapa kwangu niliposikia harufu ya plastiki. Nikatoka na mwavuli. Moshi ulikuwa ukitoka kwenye dirisha la chumba cha Jasper. Beverlyne alikuwa jiko la nje akipakua chakula. Nyakerario alikuwa amelala ndani.

Nilikimbia. Miaka sitini na nne, nilikimbia! Nilipofika mlangoni mguu ukakataa. Si woga wa moto, moto naujua. Nilisimama nje ya kizingiti, nikanyoosha mwavuli kuichokora swichi kuu. Mara ya kwanza nikakosa. Ya pili ikazima. Wakati huo Beverlyne alishanipita. Akatoka na mtoto begani, akamtupia Nyanchoka, akarudi ndani na ndoo ya mchanga. Mambo yote yale nilimfundisha mimi, na aliyeingia ni yeye.

Mtoto yu mzima. Anakohoa kidogo, anadai chai. Vifaranga arobaini wamekufa. Balbu ilianguka ndani ya katoni yao, juu ya maranda. Ekstensheni tatu zilikuwa zimeunganishwa chini ya kitanda, na soketi ya ukutani imekuwa nyeusi.

Beverlyne amelia. "Niliona haya kukuonyesha chumba chetu, Tata," alisema.

Na mimi niliona haya kuuliza. Tuliheshimiana vizuri sana, wote wawili, na mtoto akalala kando ya ile balbu. Nimejikasirikia kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu. Mjukuu wangu alikuwa ndani ya moshi, nami niko nje nalenga swichi kwa mwavuli.

Saa kumi

Maranda yamezimika. Harufu haijaisha. Nyanchoka ameingia akagusa dari juu ya ile soketi — ina joto, anasema, na joto linaongezeka. Huko juu kuna kitu kinaungua polepole, huenda waya zimeshika mbao.

Nimempigia Mose. Ndiyo, nimempigia. Yuko Nyacheki, barabara ni matope matupu, atafika kesho. Mbao hazingoji kesho. Ochoki amejitolea kubandua dari. Ochoki wa msumari! Nimemwambia akae.

Majirani wamejaa uani. Hawaitazami nyumba, wananitazama mimi. Nawajua. Nikiingia itasemwa hadi Marani. Na isemwe.

Beverlyne anaburuta kitanda kupisha nafasi, namsikia. Amekuja mlangoni, mbele ya watu wote, akafungua mbao zote mbili za mlango.

"Tata, karibu ndani."

Tangu aolewe hajawahi kuniambia maneno hayo. Nimefuta tiki kwa kiganja. Nyanchoka ametangulia na tochi, hajanitania. Ngazi iko tayari, ndoo za mchanga mbili.

Andika kwanza, ndipo uguse.

Saa: kumi na dakika tano.
Swichi kuu: imezimwa.
Fundi: Abner Mokua.
Mahali: nyumbani kwa Jasper, chumba cha kulala.