Dada Bun-rye Anaamini Mumewe Amesoma

Mshauri wetu mpendwa,

Nisaidie, maana jambo hili nimelibeba peke yangu na limenielemea. Mimi ni mwalimu mstaafu hapa Jeongseon, na dada Bun-rye ni rafiki yangu tangu tulipoolewa kijiji kimoja, mwanawe Seong-ho alipomnunulia simu ni mimi niliyemfundisha kuandika ujumbe, nikamweleza taratibu kwamba ukituma, inabaki namba moja ndogo pembeni ya maneno yako, na mwenzako akisoma, namba ile inafutika, naye akasema, "Basi Baba Seong-ho hatanidanganya tena kwamba hakuona nilipomwita kula." Mumewe alifariki majira ya kuchipua, lakini kila asubuhi dada bado anamwandikia, leo nimechuma kabichi, leo goti linauma, na namba zile zilibaki pale zote.

Kabla ya Chuseok, sikukuu ya mavuno tunapowakumbuka marehemu, aliniomba nitafute katika simu ya marehemu picha aliyopigwa kwenye mavuno ya viazi, tuiweke kwenye meza ya kumbukumbu, nami nikaichaji, nikaiwasha, nikakumbuka kwamba picha ile alimtumia mkewe, nikafungua ukurasa wao wa ujumbe bila kufikiri, dada akiwa jikoni. Kesho yake akanipigia. "Mdogo wangu," akasema, "amesoma. Amesoma zote." Sikumwambia kwamba ni mimi.

Sasa anapakua bakuli la pili la wali kila mlo, na Seong-ho anayetaka kumchukua akaishi naye mjini Daejeon kabla ya barafu, maana mwaka jana aliteleza uani akavunjika nyonga, amejibiwa, "Nikiondoka, baba yako atanitafuta wapi?" Nikisema ukweli ni kama namuua mumewe mara ya pili, nikinyamaza ataanguka tena akiwa peke yake. Nifanyeje?

Pyo Myeong-ok

Mwalimu Myeong-ok,

Kufungua ukurasa ule si kosa la kukunyima usingizi. Uliombwa picha, ukaitafuta. Kosa ni kimya chako. Wewe ndiye mwalimu wake wa simu, na jambo ambalo hukulikanusha, kwake limekuwa kweli. Wala usijikweze kwa kusema utamuua mumewe. Dada Bun-rye anajua kwamba amekufa. Asichokijua ni nani aliyefungua simu.

Nenda kesho asubuhi, kabla hajaandika. Ualimu uache mlangoni pamoja na viatu. Mwambie, "Dada, ni mimi niliyefungua," kisha unyamaze umsikilize. Akikufukuza, ondoka, kesho kutwa urudi. Seong-ho asiambiwe kwanza. Mama asigeuzwe gumzo la wanawe kwa jambo ulilolifanya wewe.

Na usimkataze kuandika. Sote tunawapakulia marehemu wetu wali siku ya kumbukumbu, tukijua bakuli litabaki limejaa, na hakuna anayetuita wajinga. Mweleze tu kwamba maneno yale hayakai ukutani mwa nyumba: simu zote mbili zinatoshea mkobani, na akiwa Daejeon ataandika kama anavyoandika jikoni kwake.

Theluji ya Jeongseon haitangoja upate ujasiri. Akikubali kwenda, mfungie mzigo wewe mwenyewe, umshike mkono mpaka mlango wa basi.